Wasomaji Wauliza: Filamu za James Bond ni Ngapi Hasa?

Katika toleo lililopita tulieleza kwamba Wikipedia ya Kiswahili, kamusi elezo ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri, ina makala nyingi za filamu ambazo bado ni mbegu, yaani makala fupi zinazongoja mtu wa kuzikuza, na tukawaomba wasomaji wetu wa Mombasa wachague moja waishughulikie. Waliochagua mfululizo wa filamu za jasusi James Bond ni wengi kuliko tulivyotarajia, na barua zao zimejaa ubishi. Tunachapisha hapa zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine.

*Bwana Mhariri, mimi na wenzangu wa hapa Tudor tumeishika makala ya mfululizo wa James Bond. Sentensi yake ya kwanza ilisema kwamba filamu hizo ni 25. Mwenzetu mmoja akaandika 27, kesho yake mtu tusiyemjua akarudisha 25, na tangu hapo hesabu inajaa na kupwa kila siku. Aya ya pili nayo inasema Roger Moore ndiye aliyemwigiza Bond mara nyingi kuliko wote, lakini jedwali linamweka sawa na Sean Connery. Mimi ninayo nyumbani Never Say Never Again, na Connery ndiye Bond humo. Vipi filamu hiyo isihesabiwe? Nani kati yetu ana haki? — Msomaji, Tudor*

Nyote mna haki, na ndiyo maana ugomvi hauishi: sentensi yenu inatoa hesabu bila kusema kinachohesabiwa. Filamu 25 ni zile zilizotengenezwa na Eon Productions, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1961 na watayarishaji Albert R. Broccoli na Harry Saltzman, kuanzia Dr. No iliyotoka mwaka 1962 hadi No Time to Die ya mwaka 2021. Ukifika 27 umeongeza mbili zilizotengenezwa na watu wengine kabisa: Casino Royale ya mwaka 1967, ambayo ni kichekesho, na hiyo Never Say Never Again ya mwaka 1983 uliyonayo.

Msomaji wa makala yenu, hata hivyo, atataka kujua ilikuwaje jasusi mmoja akamilikiwa na pande mbili. Sababu ni za kisheria, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu tamu zaidi ya historia hii, tamu kuliko magari na saa zake. Mwandishi Ian Fleming alitoa riwaya yake ya kwanza ya Bond, Casino Royale, mwaka 1953, na haki zake za filamu akaziuza mapema, kabla Broccoli na Saltzman hawajabisha mlangoni kwake. Haki hizo zikapita mkono hadi mkono mpaka zikamfikia mtayarishaji Charles K. Feldman, ambaye ndiye aliyetoa kile kichekesho cha mwaka 1967 akiwa na David Niven na Peter Sellers. Kwa sababu hiyo Eon, iliyokuwa imekwisha kumfanya Bond ajulikane dunia nzima, ilikaa miaka na miaka bila ya kuweza kuigusa riwaya iliyomzaa Bond mwenyewe, hadi ilipotoa Casino Royale yake na Daniel Craig mwaka 2006.

Kisa cha Never Say Never Again, kilichoanzia katika hadithi iitwayo Thunderball, kina mizizi mirefu zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Fleming alishirikiana na Kevin McClory na Jack Whittingham kuandika hadithi iliyokusudiwa kuwa filamu. Mpango ulipokwama, Fleming aliigeuza hadithi hiyo kuwa riwaya, akaitoa mwaka 1961 kwa jina lake peke yake. McClory alikwenda mahakamani, na shauri lilipomalizwa kwa maelewano mwaka 1963 yeye ndiye aliyebaki na haki za filamu za hadithi ile. Eon ikaona heri kuwa naye kuliko kushindana naye, na Thunderball iliyotoka mwaka 1965 inamtaja McClory kuwa mtayarishaji, kwa sharti kwamba asitengeneze nyingine kutokana na hadithi hiyo kwa miaka kumi. Muda huo ulipopita alianza tena harakati zake, na matokeo yake yakawa Never Say Never Again, iliyotoka mwaka uleule Eon ilipotoa Octopussy ya Roger Moore, watazamaji wakapata Bond wawili kwa mwaka mmoja. Mvutano wenyewe haukuzikwa hadi mwaka 2013, pale MGM, kampuni ya filamu ya Marekani, na Danjaq, kampuni yenye uhusiano na Eon iliyokuwa ikishika haki za Bond, ziliponunua haki za McClory kutoka kwa warithi wake. Miaka miwili baadaye lile genge la wahalifu la Spectre, lililokuwa limebishaniwa muda wote huo, likarudi katika filamu iliyobeba jina lake.

Mwanzoni mwa makala, basi, wekeni sentensi ya namna hii: “Mfululizo wa James Bond uliotengenezwa na Eon Productions una filamu 25 zilizotoka kati ya mwaka 1962 na 2021, filamu nyingine mbili kuhusu Bond, za mwaka 1967 na 1983, zilitengenezwa nje ya kampuni hiyo.” Hizo mbili zipeni sehemu yake, na humo mtaje pia mchezo wa televisheni wa Marekani wa mwaka 1954, ambao ndio uliomtoa Barry Nelson kuwa mtu wa kwanza kumwigiza Bond. Mkishakubaliana mpaka huo, upitisheni katika makala nzima kutoka juu hadi chini, kwa kuwa tofauti ya Moore na Connery uliyoiona imetokana na kosa lilelile: Connery ana filamu sita ukihesabu za Eon na saba ukihesabu zote, ilhali Moore ana saba, zote za Eon. Aliyeandika aya ya pili alihesabu kwa njia moja, na aliyechora jedwali alihesabu kwa nyingine.

Kurudishiana namba kila siku hakutaleta suluhu. Kila makala ina ukurasa wake wa majadiliano; ielezeni hoja yenu humo kabla ya kubonyeza “Hariri” tena, kisha mngoje jibu. Mkiendelea kuvutana, mkabidhi, yaani msimamizi wa kamusi elezo, anaweza kuifunga makala isihaririwe kwa muda, na atakapoifunga huenda ikabaki na namba msiyoitaka.

*Mhariri, salamu. Mdogo wangu aliandika katika makala ile kwamba Casino Royale ya mwaka 2006 ilipigwa picha Mbale nchini Uganda na pia Madagaska, chini ya kichwa “Bond Afrika Mashariki”. Maneno yake yalifutwa siku ileile. Sisi tumeitazama filamu hiyo, ile iliyosimuliwa na DJ kwa Kiswahili, na maandishi ya Mbale na Madagaska yanasomeka waziwazi kwenye skrini. Filamu yenyewe si ushahidi wa kutosha? — Dada mtu, Likoni*

Dada yangu, filamu ni ushahidi wa hadithi yake, lakini haishuhudii safari za walioitengeneza. Maandishi yale yanamwambia mtazamaji Bond yuko wapi. Hayasemi kamera ilisimama wapi. Lile fukuzano maarufu la mwanzo, ambamo Bond anamkimbiza mtengeneza mabomu hadi juu kabisa ya kreni za jengo linaloendelea kujengwa, limewekwa Madagaska katika hadithi lakini lilipigwa picha Bahamas, na anayekimbizwa ni Mfaransa Sébastien Foucan, mmoja wa waasisi wa mchezo ule wa kuruka kuta na mapaa. Kambi ya waasi ya Mbale nayo ilitengenezwa Uingereza. Aliyefuta hakukosea, ingawa angefanya ungwana zaidi kama angemwandikia kijana sababu.

Mdogo wako asikate tamaa, kwa sababu wazo lake ni zuri na wahariri wengi wa nchi nyingine wasingelifikiria. Sehemu hiyo airudishe kwa kichwa “Afrika katika filamu za Bond”, na jedwali lake liwe na safu mbili zilizo mbali: mahali pa hadithi na mahali pa kupiga picha. Humo ndimo mambo yatakapopendeza. The Spy Who Loved Me ya mwaka 1977 ina hadithi ya Misri na kweli waigizaji walifika Misri, na mahekalu ya Karnak unayoyaona ni ya Karnak. The Living Daylights ya mwaka 1987 inampeleka Bond Afghanistan, lakini majangwa yale ni ya Moroko. Pia hili si jambo la Afrika peke yake: mitaa ya Vietnam katika Tomorrow Never Dies ya mwaka 1997 ni mitaa ya Thailand. Kwa kila atakachoandika katika safu ya pili atahitaji kitabu, gazeti au maelezo ya watengenezaji wenyewe, na akikosa chanzo aiache wazi.

Kuhusu DJ, nawapenda wasimuliaji hao kama wanavyopendwa na kila aliyewahi kukaa kwenye banda la video, na naona wao wenyewe wanastahili kuandikiwa makala. Lakini kazi yao ni kutia chumvi. Cheo cha mtu, jina la mji, hata sababu ya ugomvi inaweza kuwa imetoka kinywani mwa msimuliaji na haimo katika filamu, kwa hiyo muhtasari wa hadithi uandikwe na mtu aliyetazama filamu kwa sauti yake ya asili. Muhtasari wenyewe usiwe mrefu. Wikipedia ya Kiingereza inashauri maneno 400 hadi 700 kwa makala ya filamu moja. Ninyi mnaandika juu ya mfululizo mzima, na sentensi mbili au tatu kwa kila filamu zinatosha.

*Nilipakia bango la Goldfinger nililolikuta mtandaoni, likaondolewa. Nifanyeje makala iwe na picha? — Kijana wa Bamburi*

Mabango ya filamu hizi yana hakimiliki, na Wikimedia Commons, ghala la picha ambalo Wikipedia za lugha zote hulitumia, hupokea picha zenye leseni huria tu. Humo kuna picha huria za gari la Aston Martin DB5, ambalo Bond aliliendesha mara ya kwanza katika hiyohiyo Goldfinger ya mwaka 1964, na za waigizaji kadhaa. Chagua humo.

*Bwana Mhariri, mimi ni karani wa hesabu katika kampuni ya mizigo. Niliona kwamba jedwali la mapato limeandikwa kwa dola, na wasomaji wetu hufikiri kwa shilingi, basi nikaketi nikazibadilisha zote kwa bei ya leo ya benki. Sasa kuna anayenitaka niondoe kazi yote ile. Kosa langu ni nini? — Mkomani*

Bwana Karani, nia yako ni njema na hesabu zako huenda ni sahihi hadi senti ya mwisho, lakini shilingi unazozitumia hazikuwapo. Chukua Thunderball ya mwaka 1965, ambayo mapato yake duniani hutajwa kuwa dola milioni 141 hivi. Mwaka huo Kenya ilikuwa ingali ikitumia shilingi ya Afrika Mashariki. Shilingi 20 zilikuwa pauni moja ya Uingereza, na pauni moja ilikuwa dola 2.80, kwa hiyo dola moja ilinunuliwa kwa shilingi saba na senti kidogo. Shilingi ya Kenya yenyewe ilianza kutolewa mwaka 1966, Benki Kuu ilipoanzishwa. Kwa bei ya wakati wake filamu hiyo iliingiza kiasi cha shilingi bilioni moja. Kwa bei ya leo ya karibu shilingi 130 kwa dola, jedwali lako litaonyesha zaidi ya bilioni 18. Hakuna mtu aliyewahi kuzipokea hizo bilioni 18, na mwakani bei ya dola ikibadilika zitakuwa namba nyingine. Anayekutaka uondoe safu hiyo ana hoja.

Liko pia tatizo jingine ndani ya jedwali lenu ambalo hukulitaja, nalo ni kubwa kuliko hilo la shilingi. Mmeandika kwamba Skyfall ya mwaka 2012 ndiyo “filamu ya Bond iliyofanikiwa kuliko zote”, mkaweka dola bilioni 1.1. Kwa dola zilizohesabiwa mlangoni ni kweli, na ndiyo ya kwanza katika mfululizo kuvuka bilioni moja. Lakini dola ya mwaka 1965 ilikuwa na nguvu ya zaidi ya dola saba za mwaka 2012. Ukizingatia kupanda kwa bei za vitu huko Marekani, zile milioni 141 za Thunderball zinafika karibu bilioni moja, na pengo linakuwa dogo sana. Basi wekeni safu mbili, moja ya dola za wakati ule na nyingine ya dola zilizolinganishwa kwa mwaka mmoja mtakaoutaja, na neno “iliyofanikiwa” mlitoe, muandike “iliyoingiza fedha nyingi zaidi” pamoja na kusema ni kwa hesabu ipi. Kwa mtu wa kazi yako hiyo ni shughuli ya jioni moja, na utaifanya vizuri kuliko sisi.

*Mheshimiwa, wajukuu wangu wamefuta sentensi yangu iliyosema Roger Moore ndiye Bond bora, wakaandika Daniel Craig. Nakuomba utuamulie. — Mzee wa Mji wa Kale*

Mzee wangu, shikamoo. Nikiwa barazani ningekuunga mkono bila kufikiri mara mbili, lakini katika kamusi elezo sentensi yako na ya wajukuu wako zote mbili hazina mahali. Makala haiwezi kumsifu mtu kwa sauti yake yenyewe. Inaweza kusema nani alimsifu, lini na wapi, na inaweza kueleza yaliyotendeka. Badala ya “Bond bora”, andikeni kwamba Moore alimwigiza Bond kutoka mwaka 1973 hadi 1985, na kwamba tangu mwaka 1991 alikuwa balozi wa hisani wa UNICEF. Kwa Craig, andikeni filamu zake tano.

Wajukuu wakitaka kuonyesha ukubwa wa mfululizo, waende kwenye tuzo, ambazo hazibishaniwi. Goldfinger ilipata Oscar ya athari za sauti na Thunderball ikapata ya athari za picha, kisha ikapita miaka mingi sana bila ya Oscar yoyote hadi Skyfall, ambayo wimbo wake ulioimbwa na Adele ulikuwa wa kwanza wa Bond kushinda tuzo hiyo. Baada ya hapo nyimbo za Spectre na No Time to Die nazo zikashinda. Kwa watu waliozoea kuona nyimbo za Bond zikiteuliwa na kurudi mikono mitupu, mfuatano huo wa filamu tatu unafaa kuelezwa.

Wapitie pia sehemu ya muziki kwa tahadhari. Barua yako imeambatisha aya inayosema kwamba ule muziki wa Bond unaojulikana na kila mtu ulitungwa na John Barry. Barry ndiye aliyeupanga kwa ajili ya bendi, na mchango wake hauna shaka, lakini mtunzi anayetajwa rasmi ni Monty Norman, ambaye alilishtaki gazeti la Uingereza, The Sunday Times, kwa kuandika kinyume cha hivyo, akashinda mwaka 2001. Aya hiyo irekebishwe kabla ya kitu kingine chochote katika makala.

*Kila wiki mtu anaongeza jina la Bond mpya. Tuweke lipi? — Mwanafunzi, Kongowea*

Msiweke jina lolote lililotoka kwenye uvumi, hata likiwa limerudiwa na magazeti kumi, kwa kuwa magazeti kumi mara nyingi yamenukuu gazeti moja. Yapo mambo ya uhakika ya kuijaza sehemu hiyo. Amazon ilikamilisha ununuzi wa MGM mwezi Machi 2022. Mwezi Februari 2025 ilitangazwa kwamba Amazon MGM itashika uongozi wa kisanaa wa filamu za Bond, na Barbara Broccoli, binti wa Albert, pamoja na kaka yake wa kambo Michael G. Wilson wakajiweka pembeni baada ya kuusimamia mfululizo kwa miongo kadhaa. Mwezi Juni mwaka huohuo Denis Villeneuve akatajwa kuwa mwongozaji wa filamu inayofuata. Kila tukio liandikeni pamoja na mwezi na mwaka wake, na maneno “hivi karibuni” yaliyomo sasa katika aya yenu yaondoeni yote, kwa sababu hayamwambii msomaji wa mwaka kesho ni lini.